Nilivyomwingiza mama wa chai kwenye laana ya Misri

Wakuu, salaam kutoka Gisenyi, huku Rubavu, mpakani kabisa na Goma.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya, nyuzi zangu mwenyewe hazifiki tatu. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na nimechoka kulibeba peke yangu. Ni stori ya kweli yote, majina tu ndiyo nimebadilisha. Nusu yake nimeiona kwa macho yangu, na nusu nyingine nimeisababisha kwa mdomo wangu.

Wale mtakaokimbilia kusema "hii ni chai", sawa, chai imo humu nyingi tu. Someni kwanza mpaka mwisho.

Mnijue kidogo. Nimezaliwa Karagwe, wazazi walikuwa wakimbizi, tukarudi Rwanda nikiwa bado sekondari. Kiswahili changu ni cha huko kwenu, ndiyo maana nilipata kazi ya kutafsiri filamu kwenye banda la sinema, mtaa wa karibu na ule mpaka mdogo ambao watu wanavuka kwa miguu kila siku kwenda Goma kufanya biashara. Wateja wetu ni mchanganyiko. Motari, ndivyo tunavyowaita bodaboda huku, wabeba mizigo, akina mama wanaosubiri wenzao wavuke, Wakongo waliokuja mara moja wakanogewa.

Wengi wao Kiingereza hawakijui. Kwa hiyo mimi nakaa mbele na maiki, filamu inakwenda, naeleza kwa Kiswahili. Jina langu la kazi ni Kasuku.

Sasa niwape siri ya jikoni. Mtafsiri wa banda haangalii filamu kabla. Anaiona kwa mara ya kwanza pamoja na wateja, na lazima aonekane anaijua tangu tumboni mwa mama yake. Kiingereza changu, nisiwadanganye, nashika nusu. Nusu nyingine najaza mwenyewe.

Halafu ili watu wasipotee, wahusika tunawapa majina ya mtaani. Mzungu mwenye kitambi anakuwa yule wa duka la saruji, jambazi anakuwa kinyozi wa kona. Watu wanacheka mpaka wanapigana mabega, na mwenye jina naye anajisikia star. Miaka minne nimefanya hivyo na hakuna aliyewahi kulalamika.

Basi Jumamosi moja mchana bosi akaleta flash yenye tamthilia ya upelelezi ya Waingereza, zile za kwenye televisheni, ikiwa part one na part two.

Stori yenyewe iko hivi. Profesa mmoja tajiri amerudi kutoka Misri na sanduku la jiwe alilolitoa kwenye kaburi la kuhani wa kale. Kwenye kifuniko kuna maandishi. Anayasoma mbele ya wageni wake sebuleni, kisha wanalifungua wote kwa pamoja. Wiki haijaisha, mmoja wao amekufa. Anafuata wa pili. Kila mmoja anaanguka ameshika tumbo na madaktari hawaoni kitu. Nyumba nzima inasema ni laana ya Misri.

Ndipo anakuja mpelelezi mwembamba anayekohoa kila baada ya sentensi mbili. Tukambatiza Inspekta Kifua. Yeye laana haamini, anakagua vikombe tu.

Siku hiyo nilikuwa kwenye form, jamani. Yale maandishi ya kwenye sanduku yalikuwa Kiingereza cha zamani, sikuelewa hata neno moja. Nikakaza sauti nikatunga yangu: "Mkono utakaofungua nyumba yangu hautafunga tena mlango wa nyumba yake!" Motari mmoja mcheshi anaitwa Safari akasimama, akanyoosha mkono kwenye skrini akasema, "Mi nafungua! Ije inipate hapa Gisenyi!" Tukacheka sana.

Kwenye ile nyumba ya profesa kulikuwa na mfanyakazi wa ndani, mwanamke wa makamo, kichwani kafunga kitambaa cheupe, kila saa anaingia na sinia la chai.

Nikampa jina la Mama Feza.

Mama Feza alikuwa anauza chai na maandazi nje ya mlango wa banda letu. Kila siku kitambaa cheupe, termosi tatu kubwa, na benchi la watu sita. Mjane. Yeye Muislamu wa Nyakiriba, hukuhuku Rubavu, marehemu mumewe alikuwa Mkristo wa Goma, kwa hiyo nyumbani kwao Krismasi inapikwa na Idi inapikwa. Binti yake Feza kaolewa upande wa pili wa mpaka. Chai yangu ya tangawizi alinimiminia kila asubuhi kabla sijaomba.

Sasa sikilizeni kosa langu lilipo.

Huku Rwanda kinywaji kina adabu zake. Chupa inafunguliwa mbele yako. Na kama ni cha kumiminwa, anayekukaribisha anaonja kwanza, wenyewe wanaita gusogongera, ndipo anakupa wewe. Ni heshima, lakini ndani yake kuna hofu ya sumu ambayo hakuna anayeitaja mezani. Mtoto anakua akiliona jambo hilo kila harusi na kila msiba.

Yule mfanyakazi kwenye filamu akammiminia profesa chai, akamwekea, akaondoka. Kama Mwingereza yeyote. Mimi nikaropoka kwenye maiki, "Mmeona? Mama Feza hajaonja! Kampa mzee chai bila kuonja!"

Banda likaguna kwa pamoja, yooo! Kuanzia hapo kila chai ilipoingia watu walipiga kelele, "Aonje! Aonje!" Na part one ilipoisha, profesa yuko chini ameshika tumbo, mimi kwa sifa zangu nikamaliza hivi: "Laana ni geresha tu. Niamini mimi Kasuku. Muuaji ni Mama Feza. Part two Jumamosi ijayo!"

Mama Feza mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anasikia, anacheka. Akaniambia, "We Kasuku, umenifanya mulozi mu filme? Bon, kesho chai yako sitatia sukari."

Jumapili ikawa utani wa mtaa. Kila mteja aliyekaa kwenye benchi alisema "Mama, onja kwanza", naye akawa anaonja kila kikombe kwa kijiko, anacheka nao. Jioni nilimwona amechoka na huo utani, ila hakumjibu mtu vibaya.

Jumatatu, kama saa nne asubuhi, nipo pale na andazi mkononi.

Safari alikuja, akanywa kikombe chake cha haraka, akaenda kwenye pikipiki yake. Alikuwa anavaa helmeti. Nikasikia helmeti inadunda kwenye mawe. Kugeuka, Safari yuko chini, magoti yamegusa kidevu, ameshika tumbo kwa mikono miwili, anatapika na kulia kama mtoto.

Wakuu, ilikuwa vilevile kama kwenye filamu. Kila mtu pale aliliona hilo.

Wenzake wakampakia kwenye pikipiki, wamembana katikati ya wawili, wakakimbia hospitali. Sisi tukabaki tumelizunguka lile benchi. Watu wakaongezeka. Mwanzoni wakagawanyika. Mmoja akasema ni laana, si mlimsikia Jumamosi akisema anafungua? Mwingine akasema laana gani inatoka Misri na kuvuka nchi zote hizo kumtafuta motari, ni chai. Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Kasuku alisema."

Wote wakanigeukia.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi yote. Lakini andazi lilikuwa mdomoni, na kusema kweli niliogopa wataniuliza niliyajuaje yale niliyosema. Nikaendelea kutafuna.

Kaka yake Safari anaitwa Claver, anauza viatu mtaani kwetu. Si mtu mbaya. Akamimina chai kwenye kikombe kutoka kwenye ileile termosi, akamnyooshea Mama Feza. "Onja."

Mama Feza akakiangalia kikombe. Akasema taratibu, "Leo siwezi. Niko nafunga."

"Unafunga nini? Ramadhani iliisha zamani, Waislamu wote wanakula!"

"Nalipa siku zangu. Nilikuwa mugonjwa, kukabaki siku tisa. Leo njo nimeanza."

Watu wakaguna. Jana alionja kila kikombe, leo mtu ameanguka, ndiyo leo amefunga. Hata mimi niliyemjua nilisikia inavyokaa vibaya. Mama mmoja anayeuza nyanya, rafiki yake kabisa, akamwambia kwa huruma, "Dada, fungua tu, Mungu atakuelewa. Kunywa, mambo iishe."

Akamjibu, "Mungu atanielewa, najua. Lakini nikikunywa leo juu ya kuogopa nyinyi, kesho mutaniomba nikunywe ingine. Mi siko mulozi. Nimewapatia chai miaka ngapi?"

Kuna mtu akamwekea mbwa kile kikombe. Chai ilikuwa ya moto, mbwa akanusa akaenda zake. "Hata mbwa amekataa!" Nawaapia, watu wazima wenye familia walilipokea hilo kama ushahidi.

Wakamwaga termosi zote tatu kwenye mtaro. Yeye amesimama, mikono ameifungia ndani ya kitenge. Tukaanza kusikia neno ambalo mpakani hapa likianza ni vigumu kulizima: arudi kwao Goma. Mama kazaliwa Nyakiriba! Ameolewa Goma tu. Tulimpigia simu mkuu wa mudugudu, mwenyekiti wa mtaa kwa huko kwenu, yuko kwenye mkutano wa sekta, simu imezimwa.

Claver akanyamazisha watu. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo. "Sitaki mutu amuguse. Mi nataka kujua tu. Kasuku alianza hii story, aimalize. Afungue banda sasa hivi, tuone mwisho wa ile filme. Kama muuaji ni ule wa chai, huyu mama anavuka mpaka leo na asirudi. Kama si yeye, mi mwenyewe nitamuomba msamaha mbele ya watu."

Najua mnasoma mnajiuliza watu gani wanahukumu mtu kwa tamthilia. Nami leo najiuliza. Ila siku ile, kaka ameona mdogo wake anakimbizwa hospitali, hajui kama atarudi, hakuna daktari aliyesema kitu, na kitu pekee kilichofanana na kilichotokea kilikuwa kwenye flash ya bosi.

Na niwaambie jambo la aibu zaidi. Nilifurahi. Nimetafsiri tamthilia za upelelezi mpaka nimezichoka, na yule anayeshukiwa mwanzoni huwa si yeye kamwe. Nikajua part two itamsafisha Mama Feza, na mimi nitatoka shujaa. Nikakimbilia funguo.

Tukaingia. Banda la mabati saa tano mchana linakaanga, mlango ukafungwa ili picha ionekane. Watu kama themanini. Mama Feza alikataa kuvutwa, akaingia mwenyewe na kukaa benchi la mbele. Watu walimwachia nafasi kulia na kushoto, benchi zima likawa lake.

Safu ya pili alikaa Jolly. Huyu dada ana duka la kuchapa na kutoa kopi, amekulia Mbarara, Uganda, Kiingereza kwake ni kama Kinyarwanda. Huwa haji bandani kabisa. Nilipomwona nikajua leo kuna anayeelewa kila neno.

Nikaweka part two.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kulikuwa na mpwa wa profesa, kijana wa suti anayetaka urithi. Nikamshikilia huyo. "Mwangalieni macho! Mwangalieni anavyotoka jikoni!" Hakuwa anatoka jikoni, alikuwa anatoka bustanini. Lakini watu wakaanza kumchukia, na nusu saa baadaye polisi wakamtia pingu. Banda likapumua. Nilimwona Claver ameinamisha kichwa, anajikuna shingo. Nikasema kwenye maiki, "Basi, mmeona wenyewe," nikanyoosha mkono nizime.

Mtu akasema, "Acha, haijaisha."

Kweli haikuwa imeisha. Inspekta Kifua akakohoa, akaamuru mpwa afunguliwe.

Akawakusanya wote sebuleni, wamelizunguka lile sanduku la jiwe. Akaanza kutembea polepole nyuma ya viti vyao, anapita mmoja mmoja. Nikawa naomba, wallahi mimi Mkristo naomba, apite, apite, asisimame pale.

Akasimama nyuma ya yule wa sinia.

Nilishika neno "father". Nikashika "left him there". Hapo, wakuu, sihitaji Kiingereza kingi. Yule mwanamke alikuwa binti wa mchimbaji aliyefukiwa na mchanga kule kaburini, na profesa na wenzake walimwacha wakaondoka na sanduku lao. Miaka yote alikuwa anawangojea. Laana ilikuwa pazia lake tu. Alikuwa analia, anaongea huku anatetemeka.

Na mimi nikasema kwenye maiki, "Anamuuliza kama aliona mpwa akiingia jikoni. Anasema ndiyo, alimwona."

Jolly akageuza kichwa, akaniangalia.

Nikaendelea. "Analia kwa sababu ameogopa." Lakini picha haina mtafsiri. Inspekta akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni ya yule mfanyakazi akatoa kichupa. Akakiinua juu. Polisi wakaja na pingu, na yule mwanamke mwenye kitambaa cheupe akanyoosha mikono yake mwenyewe.

Nikashusha maiki.

Claver akasimama. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mama, simama."

Mabenchi yakaanza kulia, watu wananyanyuka. Mama Feza hakugeuka nyuma. Niliona mabega yake tu, yanapanda na kushuka. Mlango ulikuwa umezibwa na watu. Kutoka pale hadi kizuizi cha mpakani ni mwendo wa dakika kumi.

Nikabonyeza pause. Nikasema kwenye maiki, "Subirini." Sauti ikatoka kubwa, ileile ya Jumamosi, nikaichukia. Nikaweka maiki chini nikasimama mbele ya skrini, picha ya yule mwanamke imenimulika shati.

"Ule mstari wa kuonja," nikasema, "haumo kwenye filamu. Niliutunga mimi."

"Kaa chini, Kasuku."

"Sikilizeni! Waingereza hawaonji. Kwao kila mtu anamimina chai na kuondoka. Mimi ndiye niliyesema hajaonja, ili mcheke. Na jina la Mama Feza nililiweka mimi, kwa sababu ya kitambaa tu. Ningemwita mama yako, Claver, leo tungekuwa tumemkalisha mama yako hapo mbele."

"Lakini umeona mwenyewe, wa chai ndiye aliyeua!"

"Ndiyo, huyu wa kwenye skrini kaua. Mama Feza hayumo humu. Hata kile nilichosema sasa hivi kuhusu mpwa ni uongo. Hata maneno ya laana kwenye sanduku niliyatunga. Mimi Kiingereza nashika nusu. Miaka minne nashika nusu."

Kisha Jolly akasimama, mkoba begani. "Anasema kweli. Nimesikiliza yote. Hakuna mtu amesema habari ya kuonja, from the beginning. This man just talks." Akamgeukia Claver. "Banange, ndugu yako iko na daktari. Umepiga simu hospitali hata mara moja?"

Claver hakuwa amepiga.

Hasira ikageuka upande wangu, na sitaki kujifanya shujaa, niliogopa. Nikatupiwa maganda ya karanga, chupa ya maji, kiatu kimoja. Mzee mmoja mbeba mizigo, mteja wangu wa kila wiki, alinishika kola na machozi yakimlengalenga. "Na ile ya komando mwenye alisamehe kaka yake? Nayo ulitunga?" Nikamwambia hakumsamehe, alimpiga risasi. Aliniachia kola akatoka nje, na huyo nadhani ndiye aliyeumia kuliko wote.

Katika vurugu hiyo mlango ulifunguka, watu wakamsahau Mama Feza. Mkuu wa mudugudu alipofika na jasho lake la kutoka mkutanoni, mtu aliyehitaji kulindwa nilikuwa mimi.

Saa tisa alasiri Claver akapata habari. Kidole tumbo. Safari amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri, na tumbo lilikuwa linamuuma tangu Ijumaa, kabla ya filamu, kabla ya kila kitu. Alikuwa anajikaza tu.

Nilimkuta Mama Feza anaokota vikombe vyake mtaroni. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akafuta kikombe kwa pindo la kitenge, akakiweka kwenye ndoo. Akasema, "Nimesikia." Basi.

Claver alitimiza neno lake. Kesho yake alikuja na mkuu wa mudugudu akaomba msamaha mbele ya watu, na Mama Feza akaupokea. Siku hiyo nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wateja walirudi, lakini nilikuwa naona kutoka ng'ambo ya barabara. Mtu anapokea kikombe, anakishika, anapiga stori, anangoja mwenzake anywe kwanza. Benchi la watu sita likawa la watu wawili. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza. Wiki ya tatu asubuhi moja nikakuta benchi halipo, na muuza nyanya akaniambia amehamia Mahoko, kule sokoni Kanama, ambako hakuna aliyeiona ile filamu.

Mimi bosi aliniambia nipumzike kidogo, akaleta mtafsiri mwingine kutoka Goma. Sasa nashusha mabati na misumari kwenye duka la binamu yangu.

Mwezi uliopita nikajikaza. Nikaenda Mahoko siku ya soko, nimenunua kilo mbili za sukari na kitenge, nimeandaa maneno njia nzima ili nimwombe msamaha kama binadamu, si kwa sentensi moja ya mtaroni.

Nikamwona kwa mbali. Benchi jipya, limejaa watu. Wanakunywa huku wanaongea, hakuna anayengoja mwenzake. Pembeni yake kuna dada anauza maandazi, wanacheka pamoja. Na yeye amefunga kitambaa cha kijani.

Nikasogea mpaka mbele yake. Aliponiona, mkono ulisimama na birika hewani. Uso haukuwa na hasira, wakuu. Ulikuwa na hofu. Alikuwa ananiogopa mimi, Kasuku.

Yule dada wa maandazi akamuuliza, "Huyu nani? Munajuana?"

Mama Feza akasema, "Apana. Anauliza njia." Kisha akanyoosha kidole, akaniambia kwa upole kabisa, kama anavyoambiwa mgeni, "Pita pale kwa wauza viazi, ukunje kushoto. Bus iko hapo."

Nikasema, "Asante, mama." Nikapita kwa wauza viazi, nikakunja kushoto, nikapanda basi na sukari yangu.

Nilichojifunza: mtu akikuachia jina lake ucheke nalo, hajakupa ruhusa ya kulipeleka popote. Na uongo wa kuchekesha watu themanini, ukweli wa kuwaambia walewale themanini hauufuti. Tena nje ya banda kuna waliousikia uongo tu.

Sasa naomba ushauri wenu, na nimejiandaa kwa matusi pia, nayastahili. Ile sukari na kitenge bado viko kwangu juu ya kabati. Nirudi Mahoko nikamwombe radhi, au kwa mtu kama yule fidia pekee ninayoweza kumpa ni kutoonekana tena? Wenye busara na wasio nayo, karibuni.